Mbao mbili za mkandarasi: barua ya wazi kuhusu uwanja wa watoto wa mtaa wetu

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mheshimiwa Diwani wetu na Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri,

Habari za kazi. Mwenyekiti, wewe shikamoo, maana ni rika la baba yangu mdogo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa hapa Dar es Salaam. Karakana yangu iko nyuma ya uwanja mpya wa watoto, ule ambao watoto wenyewe wameshauita "bembeani", na lile jina refu la kwenye kibao hakuna anayelikumbuka. Natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Siku ya uzinduzi nilikuwepo, viti vya plastiki mstari wa nne, na makofi niliyopiga yalitoka moyoni. Mji huu umekula viwanja vingi. Pale nilipocheza rede na kombolela nikiwa mdogo leo pana fremu za maduka na gereji ya bajaji. Mtaa ukipata kipande cha ardhi ukakiwekea bembea badala ya fremu, hilo ni la kushukuru, nami nashukuru. Ila mlitutangazia kwamba awamu ya pili inakuja, na zege likishamwagwa halisikilizi mtu. Ndiyo maana nimeona niandike sasa.

Nina binti wa miaka mitano. Alizaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri alipokuwa tumboni, akafanyiwa upasuaji akiwa na siku chache tu, na miguu yake haimbebi. Anatumia kiti mwendo, ambacho mtaani kwetu kinaitwa kibaiskeli na mwenyewe anakiita gari. Ana maneno kuliko mama yake, anahesabu mpaka mia kwa kuiruka sabini yote, na kwenye mdako hakuna wa rika lake wa kumfunga. Nayasema haya mapema kwa sababu wakitajwa "watoto wenye ulemavu" watu wengi hupata picha ya mtoto aliyelazwa pembeni akisubiri kuhurumiwa. Huyu wangu mkimwona anasubiri, anasubiri zamu yake.

Jumapili ya kwanza baada ya uzinduzi nilimpeleka. Getini pana kizingiti. Nimekipima kwa futi yangu: sentimita 15. Nikakinyanyua kibaiskeli na mtoto wake, tukaingia. Ndani mkandarasi amemwaga kokoto uwanja mzima. Kwa macho zinapendeza, na kwenye picha za uzinduzi zilipendeza zaidi. Lakini kibaiskeli mbele kina magurudumu mawili madogo, na madogo yale yakikuta kokoto yanachimba badala ya kuviringika. Hatua tatu tu, tukanasa.

Watoto wenzake walikuwa kwenye bembea. Walipomwona wakaja mbio, sita au saba hivi. Wawili wakasukuma, mmoja akavuta mbele, gari likagoma. Basi kijana mmoja wa kama miaka minane akaenda nyuma ya stoo, akarudi anaburuta ubao wa fomu, ule mpana wa kumwagia zege, mwenzake akafuata na wa pili. Wakazitandika sambamba kama reli. Gari likapanda, likateleza mpaka mwisho wa mbao. Hapo wakalinyanyua wote kwa pamoja kwa kelele za "moja, mbili!", wakasogeza mbao mbele, wakalishusha juu yake, likaenda tena. Hakuna aliyewafundisha. Mimi baba mtu na ufundi wangu wa miaka kumi na tisa nilikuwa nimesimama tu, mikono kiunoni, natazama.

Walihamisha mbao mara tatu. Zilibaki kama hatua tano wafike kwenye bembea, mlinzi akatokea. "Mbao za mkandarasi hizo! Rudisheni mlikozitoa." Wakarudisha. Wakalishusha gari kwenye kokoto, na binti yangu akabaki pale katikati ya uwanja kama mtumbwi uliopwelewa.

Mlinzi simlaumu. Ameambiwa alinde mali, naye alikuwa analinda.

Nikambeba mgongoni nikampeleka kwenye mtelezo, angalau ateremke mara moja tuondoke na furaha. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Kabla sijamkalisha nikakiweka kiganja changu kwenye lile bati. Mkono huu umezoea cheche na chuma cha moto, lakini niliuondoa haraka. Naomba hapa mnielewe vizuri, kwa sababu si kila mtu anajua: mtoto mwenye mgongo wazi mara nyingi hana hisia miguuni wala makalioni. Mtoto mwingine angekalia bati lile angeruka na kulia, basi, yameisha. Wangu angeteremka huku anacheka, akaungua ngozi bila kujua, na mimi ningekuja kuona malengelenge jioni wakati wa kumwogesha. Vidonda vya watoto hawa, kwa kuwa hawavisikii, huchukua muda mrefu sana kupona.

Na lile bati lisingekuwa hivyo mwaka jana. Pale lilipowekwa palikuwa na mikungu miwili mikubwa, ile ambayo watoto walikuwa wakiokota kungu chini yake na kuzipasua kwa mawe. Ikakatwa "ili kuweka usawa". Bati likalazwa palepale penye jua, bila hata turubai. Hata mkiniambia binti yangu ni mmoja tu, kivuli si chake peke yake. Kuna mtoto mwenye ualbino mtaa wa pili, mama yake anamtoa nje kuanzia saa kumi na moja jioni, kofia na mikono mirefu, na saa kumi na mbili na nusu giza linaingia. Huo ndio muda wake wote wa kucheza kwa siku. Kivuli cha mti, pamoja na kofia na mikono mirefu yake, kingemwongezea muda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua mtanijibu nalo: "Fundi, mbona bembea ya walemavu tumeweka?"

Ni kweli, mmeweka. Iko kule kona ya nyuma karibu na choo. Ni jukwaa la chuma ambalo kibaiskeli kinapandishwa kizima kisha linabembea. Nimezikagua weldi zake, aliyeifanya ni fundi kweli, sina neno. Lakini kitu kile ni kizito mno, kikimgonga mtoto anayekatiza mbio kinaweza kumuumiza vibaya sana, na kwa hiyo mmekizungushia uzio wake na kufuli lake. Hapo pia mlifanya sawa kiusalama. Funguo ziko kwa mtendaji. Jumamosi na Jumapili ofisi imefungwa. Siku za kazi mtoto yuko shule ya awali. Tangu mzindue sijaiona ikibembea hata mara moja, isipokuwa siku ile ya picha.

Hata funguo ningepewa mimi, bado. Nilimuuliza binti yangu kama anataka tuombe tufunguliwe. Akaitazama kule ilipo, akawatazama wenzake walipo, akaniuliza: "Na nani?" Anabembea na nani. Sikuwa na jibu, na ni swali hilo hilo nawaletea nyinyi. Mlimtengenezea kona yake. Alichokuwa anahitaji ni njia ya kufika walipo wenzake, na wale watoto wa mbao walilijua hilo kabla yetu sote.

Kwa ufundi wangu nawaambia, inawezekana, na kwa pesa ndogo kuliko lile jukwaa. Mstari ule ule wa bembea nne: toeni kiti kimoja cha ubao, wekeni kiti chenye mgongo, egemeo la pembeni na mkanda wa kifuani. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye shingo haijakaza atakaa hapo. Mtoto wa miaka miwili atakaa hapo. Na wasipokuwepo, atakaa yeyote, maana watoto wakiona kiti kipya chenye mkanda watakigombania hao wote. Sihitaji kibao cha kuandika kiti hiki ni cha nani.

Njia nayo si lazima iwe ya gharama. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita moja na sentimita 80. Kipimo kinachokubalika ni sentimita moja ya kupanda kwa sentimita 12 za kwenda mbele. Wengi hutengeneza mteremko mfupi na mkali ili mradi uitwe mteremko, kibaiskeli kikipanda kinataka kupinduka kinyumenyume. Toka hapo njia ya zege, au hata ya moramu iliyomwagiwa maji na kushindiliwa vizuri, upana wa mita moja na nusu ili vibaiskeli viwili vipishane na kimoja kiweze kugeuka, ipite kila penye mchezo. Kokoto zitolewe chini ya bembea na mtelezo hata kwa ajili ya hao wanaotembea, kwa sababu kuangukia kokoto ni kuchanika magoti. Mchanga laini wa kina cha sentimita 30 unapokea mtoto vizuri zaidi. Njia ngumu ya kufikia, mchanga pa kuangukia. Kila kimoja mahali pake.

Kuna la ukuta, na hili niliambiwa na mama mmoja muuza mihogo ambaye mwanawe hasikii. Mmejenga ukuta wa tofali mpaka kifuani kwa mtu mzima. Genge lake liko ng'ambo ya barabara. Mama wa mtoto anayesikia akitaka kumwita anapaza sauti, yamekwisha. Yeye humwita mwanawe kwa mikono, na lugha ya alama haipiti kwenye tofali. Kwa hiyo kila baada ya dakika kumi anaacha mafuta jikoni, anavuka barabara ya bodaboda, anachungulia, anarudi. Angewekewa wavu badala ya ukuta angekaa gengeni kwake akaongea na mwanawe siku nzima. Wavu wenyewe ni bei ya chini kuliko tofali, hata nami ningeupinda. Mimi nilikuwa napita pale kila siku na sikuwahi kuliona hilo mpaka nilipokaa nikala mihogo. Nadhani mchoraji wenu naye hakula mihogo.

Geti lenyewe halina komeo la kujifunga. Mzazi wa mtoto mwenye usonji atawaeleza maana yake: mtoto akiamua kukimbia hakimbii kwa kuangalia gari. Mzazi wa namna hiyo haji uwanjani kukaa, anakuja kushika mkono wa mtoto, na mkono ukishikwa hakuna mchezo. Na lile spika la kibanda cha soda, jamani. Sina ugomvi na muziki, karakana yangu nayo ina redio, lakini kuna watoto wanaoziba masikio na kulia kwa sauti ile, na wazazi wao wanaambiwa hawajawalea. Lizimwe tu, wala bajeti haihitajiki.

Kuhusu choo nitasema kwa ufupi na bila aibu. Watoto wengi wenye mgongo wazi hawasikii mkojo ukija. Wangu tunamtoa mkojo kwa mrija mdogo wa mpira kila baada ya saa chache, na lazima iwe mahali safi, penye maji, pa kumlaza. Choo chenu kina mlango ambao kibaiskeli hakipiti na shimo la kuchuchumaa. Kwa hiyo hata uwanja ungekuwa wa dhahabu, sisi tuna saa tatu, kisha tunarudi nyumbani. Chumba kimoja chenye mlango wa sentimita 90, benchi pana la zege na bomba la maji kingetutosha, na akina mama wa watoto wa nepi wangekitumia kuliko sisi.

Kwenye mkutano wa mtaa nilipoligusia hili, mzee mmoja ninayemheshimu aliuliza: "Kwani watoto wa namna hiyo hapa mtaani ni wangapi?" Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Sikumjibu siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira, na fundi mwenye hasira huharibu kazi. Leo namjibu. Mzee wangu, huwezi kuwahesabu kwa kuwatafuta uwanjani, wakati uwanja ndio uliowarudisha ndani. Tembea nyumba kwa nyumba saa nne asubuhi, uliza nani yuko chumba cha uani. Mimi mwenyewe nilidhani tuko peke yetu mpaka binti yangu alipoanza kliniki na nikakutana na jirani wa mtaa wa tatu, kila mmoja na mtoto wake mgongoni, kila mmoja akimshangaa mwenzie.

Na ngazi ile ya mtelezo ina vipandio vya chuma vilivyoachana kama sentimita 40. Kwa mtoto wa miaka mitatu mwenye viungo vyake vyote hiyo nayo ni mlima. Nimewaona wakubwa wa darasa la nne wameuteka mtelezo wote na wadogo wakiwatazama kutoka chini. Mmesema kiwanja ni cha watoto wadogo. Kwa ngazi hiyo wadogo hawapandi.

Sheria sitawahubiria, mnazijua kuliko mimi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika kuwa haki ya mtoto, kwenye orodha moja na chakula na malazi. Nchi yetu iliridhia mwaka huo huo Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Ibara ya 30 inasema mtoto mwenye ulemavu ashiriki michezo sawa na watoto wengine. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mwishoni mwa 2021 Serikali ikazindua ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya watoto tangu mimba mpaka miaka minane, na bango lake nimeliona limebandikwa mlangoni pa ofisi ya ustawi wa jamii. Neno "Jumuishi" liko palepale kwenye jina. Karatasi tunazo. Kilichokosekana ni mtu wa kushika futi.

Fedha nayo isiwe kisingizio. Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, asilimia mbili ni ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Hapa mjini kuna mafundi wenye ulemavu wanaochomelea vizuri, wengine wanajitengenezea wenyewe baiskeli zao za magurudumu matatu. Wapeni wao kazi ya viti vya bembea. Mtu anayekikalia kibaiskeli kutwa hawezi kusahau kizingiti getini.

Kwa upande wangu nina mabomba yaliyobaki ya kazi ya ngazi moja ghorofani. Nitayakata urefu tofauti, nitayatundika kwenye fremu kwa kamba za nailoni, kimo cha mtoto aliyekaa. Refu hutoa sauti nzito, fupi hutoa sauti nyembamba, na mtoto asiyeona akigonga atajua yuko sehemu gani ya uwanja. Ncha nitazisaga zisikate. Hiyo naitoa bure, na sitaki jina langu kwenye kibao. Nitatengeneza pia meza ya mchanga ya kusimama, yenye nafasi ya magoti ya sentimita 70 chini, ili kibaiskeli kiingie na mtoto wa kukaa na mtoto wa kusimama wachimbe mchanga mmoja. Na mikungu ipandwe upya hata kesho. Mkungu hauchelewi kukua, binti yangu akifika darasa la tatu utakuwa na kivuli.

Ninachowaomba ni kimoja. Kabla mchoro wa awamu ya pili haujapigwa muhuri, njooni Jumamosi moja saa tatu asubuhi, nyinyi watatu na mhandisi wenu. Msije na viti wala turubai. Nitawaazima kibaiskeli cha mtu mzima, kipo kwa jirani, na mmoja wenu akikalie kutoka getini mpaka kwenye bembea. Mama wa mihogo atakuwepo, na wazazi wengine kama tisa tulioanza kufahamiana. Mwenyekiti, chai nitaitoa mimi.

Zile mbao mbili nimezinunua kwa mkandarasi. Nimezipiga randa, nimezipaka rangi ya kijani, na kila Jumapili watoto wanakuja kuzichukua karakana kwangu. Naomba tu mlinzi aarifiwe kwamba ni zangu. Risiti ninayo.

Wenu katika ujenzi wa mtaa,

Fundi wa kuchomelea, nyuma ya bembeani